Pangu Pakavu, Tia Mchuzi: Kicheko cha Mkata katika Lugha na Hadithi Zetu

Miongoni mwa majina ambayo Waswahili wamempa mtu asiye na kitu, liko moja lisilofanana na mengine. Mengine ni maneno ya kawaida: masikini, fukara, mkata, kapuku, kabwela. Hili ni sentensi nzima. Mtu wa hali ya chini kabisa husemwa kuwa ni katika akina pangu pakavu, tia mchuzi. Wengi wetu tumelitumia jina hili tangu utotoni pasipo kulitazama, kama vile mtu anavyofungua mlango wa nyumba yake kila siku pasipo kujua umechongwa kwa mti gani. Katika insha hii tunakusudia kulitazama, na pamoja nalo tuyatazame mengine ya ukoo wake. Kwani tunaamini kuwa kicheko cha watu wenye kipato kidogo ni sehemu ya utamaduni wa taifa ambayo wahakiki wameipita haraka wakielekea kwenye ngoma, mashairi na vinyago, nasi walimu tumeiacha nje ya mlango wa darasa.

Tuanze na sinia lenyewe. Watu wanne au watano wamekaa mkekani. Wali au ugali umepakuliwa pamoja, na mchuzi umemiminwa juu yake. Mchuzi hufuata mteremko: upande mmoja hulowa, na upande mwingine hubaki mkavu. Aliyekaa upande mkavu ana njia tatu. Aweza kunyamaza na kutafuna chakula kitupu. Aweza kunyoosha mkono hadi mbele ya mwenziwe, jambo ambalo kila mtoto aliyelelewa vema amekatazwa. Au aweza kusema kwa sauti kwamba pake ni pakavu, na mchuzi utiwe. Akisema hivyo wenziwe hucheka, na mchuzi huongezwa kama upo.

Mwalimu wa sarufi atuwie radhi tukichungulia kidogo katika uwanja wake. Neno “pangu” ni kimilikishi cha ngeli ya mahali. Msemaji hasemi kwamba yeye ni mkavu, wala hasemi kwamba hana kitu. Asema kwamba anapo mahali, kwamba mahali hapo ni pake, na kwamba pana upungufu. Kisha kitenzi “tia” ni cha amri. Hakikutanguliwa na tafadhali wala kufuatwa na dua. Mtu aombaye njiani hanena hivi. Anenaye hivi ni mtu aliyekaa kwenye sinia moja na wale waliolowa, na anachokidai si sadaka bali mgawanyo. Linganisha na “fukara” na “masikini”. Maneno hayo mawili yalitujia kutoka Kiarabu pamoja na fikira ya watu wanaostahili kupewa zaka. Ni majina ambayo mtoaji humwita mpokeaji, naye mtoaji amesimama. Katika pangu pakavu wote wamekaa.

Hapa ndipo ilipo hoja yetu, na tunaomba wasomaji waishike, maana tutaipima kwa mifano inayoipinga vilevile. Tunadai kwamba utani bora wa mkata katika Kiswahili si njia ya kusahau njaa, wala si ishara ya kuridhika nayo. Ni namna ya kudai nafasi kwenye sinia pasipo kuivunja heshima ya mdai wala ya mdaiwa.

Jina jingine la namna hiyo lilizaliwa Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980 mishahara ilipokuwa haitoshi tena kufikisha mwisho wa mwezi, wanawake wengi walitoka na masufuria yao wakaanza kupika na kuuza chakula kando ya viwanda, bandarini, kwenye majengo yanayojengwa na katika vituo vya mabasi. Wateja wao walikuwa vibarua na makarani wadogo. Jina lililowakaa wanawake hao halikutokana na kazi yao, bali lilitokana na kauli ya mteja: Mama, nitilie, na kwa ulimi wa haraka, mama ntilie. Ona jinsi lilivyo ndugu wa lile la kwanza. Kitenzi ni kile kile, kutia, safari hii katika kauli ya kutendea. Ila sinia limevunjika. Kila mtu ana sahani yake, na mahali pa “pangu” pamekaa “ni-”, yaani mimi peke yangu. Hata hivyo mteja huyo hakusema “muuzaji, nipimie”. Alisema “mama”, akaurudisha ujamaa wa jikoni mahali ambapo fedha ilikuwa inahesabiwa, na katika neno hilo moja kulikuwa na heshima, na tumaini la kuongezewa kijiko kimoja cha maharage bila malipo.

Baadaye lilikuja jina la adabu zaidi, mama lishe, nalo ndilo linaloonekana katika hotuba na nyaraka. Hatuna ugomvi na nia yake. Kumtaja mtu kwa huduma anayoitoa ni jambo jema. Lakini mhakiki hana budi kusema kilichopotea: sauti ya mlaji imetoka, na imeingia sauti ya ofisi. Lishe ni neno la zahanati. Watu wanaendelea kusema mama ntilie, na wala si kwa ukaidi.

Jirani zetu wa Kenya wanayo mboga ya majani waiitayo sukuma wiki. Jina hilo nalo ni amri, na anayeamriwa ni mboga yenyewe: wewe jani la bei nafuu, lisukume juma hili hadi lifike mwisho. Sasa tunayo majina matatu ambayo kwa asili ni sentensi, na katika yote matatu yupo mtu anayesema na yupo anayeambiwa. Masikini wa kamusi ni bubu. Huyu wa sinia ana mdomo.

Majina mengi ya utani tunayoyakumbuka yalizaliwa katika miaka ya dhiki, hasa tangu mwisho wa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hadi katikati ya miaka ya 1980. Wanafunzi wa leo wamesoma habari za wakati huo katika vitabu vya historia: upungufu wa fedha za kigeni, foleni za sukari na sabuni, msako wa wahujumu uchumi wa 1983. Katika vitabu hivyo hawakuoneshwa namna watu walivyozungumza foleni zikiwa ndefu. Mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo yalipotoa unga usiozoeleka, watu hawakuuita unga wa msaada. Waliuita unga wa Yanga, kwa sababu ya rangi ya jezi za klabu ile ya mtaa wa Jangwani. Basi fikiri hali ya mshabiki wa Simba, mwekundu tangu ukucha hadi utosi, amerudi kutoka uwanjani timu yake imefungwa, na mezani amewekewa ugali wa Yanga. Kicheko hicho kilikuwa kikubwa kuliko njaa iliyokizaa, kwa kuwa kiliihamisha aibu. Kula unga wa msaada ni aibu ya mwenye nyumba. Kula Yanga ni msiba wa mshabiki, na msiba wa mpira huliwazwa na mtaa mzima.

Mitumba, yaani nguo kuukuu kutoka nchi za nje, iliitwa kafa Ulaya. Hili ni jina kali zaidi. Mvaaji anasema kabla hujamsema: najua shati hili lilikuwa la mtu, na mtu huyo hatalidai. Viatu vilivyokatwa katika mipira ya magari viliitwa katambuga, nayo mabasi ya watu binafsi yaliyoruhusiwa kuchukua abiria wa Dar es Salaam mwaka 1983 yakaitwa daladala, kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi 5, ambayo watu waliiita dala. Nauli imepanda mara nyingi tangu hapo, na hakuna anayepanda daladala kwa shilingi 5. Jina limebaki kama risiti ya zamani iliyosahaulika mfukoni.

Hatutaki msomaji adhani kwamba kila neno la ukata lina uzito sawa. Tuyatazame maneno ya kusema kwamba mtu hana fedha, maana kila kizazi kimetunga lake. Liko “nimechacha”. Chakula kinachochacha ni kilicholala. Kinabaki na sura ya chakula lakini hakifai kupakuliwa. Mtu anayesema amechacha anajidhihaki kwa picha ya jikoni, na picha hiyo ni nzuri, kwa kuwa inasema kwamba jana alikuwa anafaa. Likaja “nimefulia”. Hapa pana jambo la kuchekesha katika sarufi: kauli ya kutendea humtaka mtendewa, lakini huyu hamfulii mtu yeyote, sentensi imeachwa ikining'inia kama nguo kwenye kamba. Tena, karibu na mwaka 2016, likaenea “vyuma vimekaza”. Tunakiri kwamba neno hili linatupa wasiwasi. Ni la nguvu, na lina mlio wa karakana, lakini msemaji mwenyewe hayumo. Hakuna pangu, hakuna mama, hakuna anayeambiwa atie chochote. Vyuma vimejikaza vyenyewe, na mtu amesimama pembeni akivitazama. Yamkini hivyo ndivyo maisha ya mjini yanavyomwendea mtu siku hizi. Lugha haisemi uongo juu ya jambo la namna hiyo. Lakini kama utani ni dai, hapa dai limekosa wa kupelekewa.

Kwa upande wetu tunalipenda zaidi neno “pasi ndefu”. Kupiga pasi ndefu ni kunywa chai asubuhi na kutokula tena mpaka jioni. Mpira umepigwa kutoka lango la nyuma ukavuka katikati ya uwanja bila kuguswa. Katikati ya uwanja ndiyo saa saba ya mchana, wakati wengine wanapokula. Pasi ni jambo la timu. Aliye na njaa ni mchezaji, mchezo unaendelea, na mbele yupo anayengojewa aupokee mpira. Tutalirudia neno hili mwishoni, kwa kuwa tuna deni nalo.

Kabla ya hapo tuziangalie hadithi. Wanafunzi wote wanamjua Abunuwasi. Jina lake ni la mshairi wa kweli, Abu Nuwas, aliyeishi Baghdad zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, lakini Abunuwasi wa pwani yetu si mshairi tena. Amekuwa mtu wa mtaani, mwenye punda, mwenye madeni, na mwenye jibu. Katika visa vyake vingi kuna kimoja ambacho ni kama ufafanuzi wa msemo wetu wa sinia. Masikini mmoja alizoea kula chakula chake kikavu karibu na jiko la tajiri, akikiteremsha kwa harufu ya nyama. Tajiri alipopata habari alimdai fedha, akisema kuwa mtu yule ameneemeka kwa kitoweo chake. Shauri likafika mbele ya hakimu, na masikini hakuwa na la kusema. Abunuwasi alisimama badala yake akaleta fedha kamili iliyodaiwa, akaiangusha chini moja moja mbele ya mdai. Umesikia mlio? Akajibiwa kuwa umesikika. Basi, aliyekula harufu amekwisha kulipa mlio.

Tukiwauliza wanafunzi hadithi hii yahusu nini, jibu huja haraka: yahusu ujanja. Nasi walimu hulipokea jibu hilo na kugeuza ukurasa. Tunadhani si jibu kamili. Mjanja ni mtu anayeikwepa kanuni, lakini Abunuwasi hakuikwepa kanuni ya tajiri, aliikubali yote. Hakusema kwamba harufu haina bei. Hakusema kwamba masikini ahurumiwe. Alichukua mizani ile ile aliyoileta tajiri na kuweka kitu cha uzito huo huo upande wa pili. Katika kisa cha sufuria mambo ni hayo hayo. Abunuwasi alirudisha sufuria aliyoiazima pamoja na sufuria ndogo, akasema kubwa imezaa. Mwenyewe akapokea watoto wa chuma kwa furaha. Ilipoazimwa tena haikurudi, na mwenyewe akaambiwa imekufa. Kilichomnyamazisha si hila. Ni kwamba alikwisha kukiri, siku ya faida, kwamba sufuria ni kiumbe chenye uhai.

Na kile cha ziwani ni kikali kuliko vyote, kwa kuwa kinahusu ujira. Tajiri aliahidi mali kwa yeyote atakayeweza kukaa usiku kucha ndani ya maji ya baridi. Mtu mmoja asiye na kitu alikaa, akitazama moto uliowashwa mbali sana, ng'ambo. Asubuhi akanyimwa ujira wake, akiambiwa kuwa moto ule ulimpa joto. Abunuwasi hakubishana. Aliwaalika wakubwa karamuni akawangojesha chakula mpaka tumbo zikanguruma, na walipokwenda kutazama jiko wakakuta moto uko mahali pake na chungu kimetundikwa mbali juu. Kama moto wa mbali ulimpasha mtu joto ziwani, basi moto huu utaivisha chakula. Kibarua yeyote aliyewahi kukatwa mshahara kwa sababu isiyoeleweka atakielewa kisa hiki pasipo mwalimu.

Hata hivyo, hadithi hizi zina mpaka, nao hatupaswi kuuficha. Abunuwasi hushinda kwa sababu yupo sultani au hakimu anayemsikiliza, tena ambaye huona aibu. Utani wake wataka baraza. Dukani hakuna baraza. Muuza duka ameandika ukutani kwamba leo ni taslimu na mkopo ni kesho. Mteja anayekuja kesho anayakuta maneno yale yale, na kesho imesogea tena. Utani huo ni mzuri, lakini ni utani wa mwenye duka, naye mteja anacheka kwa sababu anahitaji nusu kilo ya unga. Zipo pia methali ambazo hatujui zatoka kinywani mwa nani. “Kukopa arusi, kulipa matanga” yaweza kusemwa na mdai mwenye uchungu, na mdaiwa mwenye aibu, na jirani asiyehusika. Kila mmoja hucheka mahali tofauti.

Kuna watakaotuambia kwamba tunajisumbua bure, kwamba utani huu wote ni kileo cha bei nafuu, nao huwafanya wanyonge waizoee hali ambayo walipaswa kuikataa. Hoja hii ina heshima yake, na tulipokuwa vijana tuliishika sisi wenyewe. Lakini inadhania kwamba mtu acheki na kukataa kwa wakati mmoja. Mila ya utani ya makabila yetu inaonesha vingine. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na baadaye wakawa watani. Wapagazi wa Kinyamwezi walipopita katika nchi za watu wakielekea pwani walijipatia watani njiani, na mtani alikuwa mtu wa kumpa msafiri maji na hifadhi. Msibani mtani aweza kumcheka marehemu, kuchukua chakula, hata kuzuia shughuli mpaka apewe chochote. Hakuna asemaye kwamba mtani ameizoea mauti. Yeye ndiye aliyepewa haki ya kuitazama usoni kwa niaba ya wafiwa, na haki hiyo ina masharti: lazima uwe mtani. Mpita njia akifanya hivyo atapigwa.

Sharti hilo ndilo linalotusaidia kukitambua kicheko kibaya. Tunazo methali za kumdhihaki masikini aliyepata, na baadhi yake hazifai kuandikwa katika kitabu cha shule. Msemaji wake ni nani? Si mlaji wa upande mkavu. Ni mtu aliyelowa, anayeogopa kwamba sinia litageuzwa. Katika vibonzo vyetu nako iko mchanganyiko. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, aliwachekesha watu wengi hata jina lake likakaribia kuwa jina la vibonzo vyote. Katika jarida la Sani alipatikana Lodi Lofa, ambaye jina lake pekee ni kibonzo: cheo cha ubwana wa Kiingereza kimevishwa mtu asiye na kazi wala senti. Pale ambapo mchoraji anamweka mhusika katika mkenge ambao sisi wenyewe tumepita, kicheko ni cha sinia moja. Pale anapomchora mshamba aliyeshangaa mji, ili msomaji wa mjini ajione amestaarabika, kicheko kimeteremka kutoka juu. Mwalimu anayetumia vibonzo darasani asiulize tu kama picha inachekesha. Aulize ni nani katika darasa lake atakayecheka mwisho, na kwa sababu gani amechelewa.

Lakini mpimo wetu unakutana na jambo gumu zaidi nyumbani, tena katika kicheko chema. Sote tunaujua utani wa mgeni. “Mgeni njoo, mwenyeji apone”: watoto humshangilia mgeni, kwa kuwa jogoo aliyeishi miezi sita kwa amani sasa atakamatwa. Mtoto mdogo akiropoka mbele ya mgeni kwamba siku zote hula mchicha, nyumba nzima huangua kicheko, na mgeni hucheka pia. Sasa tazama jikoni. Kuku mmoja amegawanywa: paja la mgeni, kidari cha baba, mabawa na shingo vya watoto. Mama akiulizwa kwa nini hali, hujibu kwamba mpishi hushiba kwa kuonja. Hucheka anaposema, nasi hucheka naye. Utani huo una umbo lote la utani bora tuliouelezea: umesemwa na mwenye upungufu mwenyewe, umelinda heshima ya kila mtu, umewaacha wengine wale kwa raha. Isipokuwa kitu kimoja. Haukudai mchuzi. Uliondoa dai ambalo lingewaharibia wengine mlo.

Tumelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na hatuoni namna ya kuliingiza katika hoja yetu bila kuipasua. Ama tuseme kwamba utani wa mama si utani wa mkata, jambo ambalo ni uongo, maana katika nyumba ile hakuna mkata kuliko yeye. Ama tukubali kwamba upo utani ambao kazi yake ni kumfanya mtu mmoja asionekane kwenye sinia. Tunakubali la pili. Hadithi za Abunuwasi hazina mama anayeonja, na ni vigumu kumkuta katika insha za wanafunzi wetu, ijapokuwa karibu kila mwanafunzi amelelewa naye. Kama mwalimu mmoja atakayesoma kurasa hizi atawaomba wanafunzi wake waandike juu ya nani hula mwisho nyumbani kwao, na kwa maneno gani, atakuwa amefanya uhakiki ambao sisi tumeshindwa kuufanya.

Limebaki deni la pasi ndefu. Zamani tulifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya kutwa, mjini. Tulikuwa wakali wa lugha, na tulijivunia ukali huo. Siku moja tuliwapa wanafunzi wa Kidato cha Pili insha juu ya mwisho wa mwezi. Kijana mmoja, mkimya, aliyekaa karibu na dirisha, aliandika ukurasa mmoja na nusu juu ya siku ya mshahara nyumbani kwao. Baba yake alikuwa mlinzi. Aliandika kwamba siku hiyo walipiga pasi ndefu tangu alfajiri, wakijua kwamba jioni baba atarudi na fedha na mpira utamkuta mfungaji peke yake mbele ya lango. Baba akarudi kweli. Lakini mwenye nyumba alikuwa amekwisha kufika, amekaa kibarazani akingoja kodi ya miezi miwili, na golikipa akaudaka mpira.

Tulichukua kalamu nyekundu tukapiga mstari chini ya pasi ndefu, mwingine chini ya golikipa, na pembeni tukaandika: lugha ya mtaani, andika Kiswahili sanifu. Tukamrudishia daftari akaandike upya. Alilileta kesho yake asubuhi. Sentensi zote mbili zilikuwa zimefutwa kwa uangalifu, kwa rula, na juu yake, kwa mwandiko mzuri, palikuwa na sentensi moja isiyo na kosa lolote la sarufi: “Siku ile hatukula mchana, wala hatukula usiku.”

Tulimpa alama zote.